Kukagua ardhi iliyorejeshwa baada ya mgodi wa makaa ya mawe: anza na maji, majani yaje mwisho

Mgodi ukishafungwa, mwenye mgodi hukutembeza kwanza penye majani. Kilima chote kijani, na fomu mkononi mwako inangoja saini. Lakini nyasi za fescue huota ndani ya miezi michache hata juu ya kifusi kibovu, kwa hiyo mimi huzikagua mwisho. Nakagua migodi ya zamani huko West Virginia, Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1977 ya uchimbaji wa makaa ya juu ya ardhi. Ukiwa Mbinga au Kiwira, sheria ni nyingine, ila tabia ya maji na kifusi ni ile ile.

Hatua ya 1: Soma faili kabla ya kuvaa buti

Unahitaji kibali, ramani, mpango wa urejeshaji ulioidhinishwa, na hesabu ya dhamana. Hii dhamana ndiyo roho ya kazi. Mwenye mgodi huweka fedha kabla ya kuchimba, kisha hurudishiwa kwa awamu tatu. Hadi asilimia 60 hutoka shimo likishafukiwa, ardhi ikarudishiwa umbo na mifereji ikawekwa. Sehemu ya pili hutoka mimea ikishashika. Inayobaki hungoja miaka 5 tangu mbegu au mbolea ya mwisho. Kwenye nchi kavu, yenye mvua isiyozidi milimita 660 kwa mwaka, hungoja miaka 10. Chunguza tarehe hizo kwa makini. Mtu akipanda upya mwaka wa nne, kwa kawaida hesabu inaanza tena.

Hatua ya 2: Nenda baada ya mvua

Mwaka wangu wa kwanza nilikagua eneo moja mwezi Septemba. Ardhi kavu, nyasi zimefika magotini, sikuona tone la maji. Nikapendekeza dhamana yote irudishwe. Machi iliyofuata, mzee anayefuga ng'ombe bondeni alinipigia simu: kijito chake kimegeuka rangi ya machungwa. Nilipofika, chemchemi ilikuwa inatoka chini ya kifusi pale pale nilipopita, na fedha zilikuwa zimeshatoka. Kosa lilikuwa langu. Sasa nakwenda mwisho wa baridi, theluji ikishayeyuka na miti ikiwa bado haina majani, siku moja au mbili baada ya mvua.

Hatua ya 3: Anzia chini, kwenye maji

Tembea mguuni mwa kilima mwanzo hadi mwisho, usikate njia. Ndani ya kifusi mara nyingi mna pirita, madini ya chuma na salfa. Ikikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfa na chuma kilichoyeyuka. Chuma hicho huganda juu ya mawe kama tope la rangi ya machungwa. Ukiona utando mweupe, mara nyingi ni alumini, na samaki hawaivumilii. Maji maangavu mno, yasiyo na hata utelezi wa kijani juu ya mawe, nayo yachunguze: asidi inaweza kuwa imeua kila kitu.

Pima pH, yaani kiwango cha asidi: maji yanayotoka mgodini yanatakiwa kuwa kati ya 6 na 9. Usiishie hapo. Pima pia upitishaji wa umeme, unaopanda chumvi zikiwa nyingi, mara moja kijitoni juu ya mgodi na mara moja chini yake. Nimekuta maji ya pH 7 yaliyojaa chumvi za mwamba uliopondwa. Pindua mawe ya kijito sehemu hizo mbili: kama juu ya mgodi pana vidudu wengi na chini hakuna, andika hivyo.

Hatua ya 4: Panda ukitafuta nyufa

Sheria inataka ukuta wa mwamba uliokatwa ufukiwe wote, na kilima kikaribie umbo lake la zamani. Linganisha na ramani. Nyufa zenye umbo la mwezi mwandamo karibu na kilele, miti iliyoinama, na uvimbe wenye unyevu chini yake ni dalili kwamba kifusi kinateremka.

Penye bwawa la tope la kuoshea makaa, kagua ukuta wake na njia ya kumwagia maji ya ziada hata kama itakuchukua siku nzima. Tarehe 26 Februari 1972, bwawa la namna hiyo lilipasuka Buffalo Creek, huko huko West Virginia, na watu 125 wakafa.

Hatua ya 5: Chimba

Chagua nukta kumi kwenye ramani ukiwa bado ofisini, ili macho yasikuchagulie penye udongo laini. Chukua sepetu. Ikigota kwenye kina cha kiganja, ardhi imeshindiliwa na buldoza. Nyasi zitaishi hapo, lakini mwaloni hautapata pa kushusha mizizi. Mpango ukisema msitu, tafuta udongo uliolegea wa kina cha mita 1.2 hivi. Uso wenye mabonde na mawe hauvutii, lakini miche huupenda kuliko uso uliolainishwa kama uwanja wa mpira.

Hatua ya 6: Sasa majani

Hesabu miche iliyo hai ndani ya miduara yenye kipimo kimoja, ulinganishe aina zake na mpango. Lespedeza, mmea wa jamii ya kunde, ikiwa imetawala, miche iliyo chini yake inanyimwa mwanga.

Hatua ya 7: Mwite jirani

Marekani, raia ambaye taarifa yake imesababisha ukaguzi ana haki ya kuingia mgodini pamoja na mkaguzi. Mwache atangulie. Yeye anajua kisima kilichokauka na korongo linalopanuka kila masika.

Piga picha zenye majira ya nukta (namba za GPS), ili mwakani usimame pale pale. Ukishuka, pima tena maji ya chini kabla ya kuwasha gari. Namba zikitofautiana na za asubuhi, andika zote mbili, na saa ya kila kipimo.