Namna ya Kuandaa "Siku Kama ya Leo": Hatua kwa Hatua, kwa Mfano wa Tarehe 14 Oktoba

Mwongozo huu umetokana na kazi niliyoifanya pamoja na kijana anayeanza utangazaji katika redio ya jamii, ambaye alipewa dakika chache za kila asubuhi awaeleze wasikilizaji mambo yaliyotokea zamani katika tarehe kama ya siku hiyo. Kazi hiyo huonekana nyepesi, kwa kuwa orodha za matukio zimejaa kwenye intaneti na mtu anaweza kunakili kumi kabla chai haijapoa. Lakini kipindi cha namna hii kinasimama juu ya dai moja tu, kwamba jambo hili lilitokea tarehe hii na si jana yake wala kesho yake. Ndiyo maana hatua ya tatu hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote. Mwalimu anayeandaa ubao wa matangazo wa shule au mhariri wa jarida la kanisa au msikiti anaweza kufuata utaratibu huu huu.

Hatua ya kwanza: Kusanya matukio

Andika yote unayoyapata, mengi kuliko utakayoyatumia. Kwa tarehe 14 Oktoba tulianza na haya: vita vya Hastings nchini Uingereza mwaka 1066, kuzaliwa kwa Joseph-Désiré Mobutu mwaka 1930, Chuck Yeager kuipita kasi ya sauti kwa ndege huko California mwaka 1947, ndege ya upelelezi ya Marekani kupiga picha za makombora ya Kisovieti nchini Kuba mwaka 1962, Nikita Khrushchev kuondolewa madarakani na Martin Luther King kutangaziwa Tuzo ya Amani ya Nobel, yote mawili mwaka 1964, kifo cha Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1999, na mlipuko mkubwa wa lori mjini Mogadishu mwaka 2017.

Hatua ya pili: Kila tukio lipate kadi yake

Napendelea kadi za karatasi ngumu kuliko jedwali la kompyuta, na sioni sababu ya kubadili msimamo huo. Jedwali hukushawishi kujaza kila kisanduku hata pale usipokuwa na uhakika, ilhali kadi inakuruhusu kuandika maelezo marefu upande wa nyuma kuhusu mahali ulikoipata tarehe.

Jina la mwezi liandikwe kwa herufi daima. Mtu akiandika 9/12/1961, msomaji wa Dar es Salaam anaona Uhuru wa Tanganyika, lakini aliyezoea mtindo wa Marekani anasoma 12 Septemba. Orodha nyingi za intaneti zimepita katika mikono ya pande zote mbili, na tarehe ambayo namba yake ya siku haizidi 12 inaweza kugeuzwa bila mtu yeyote kutambua.

Hatua ya tatu: Hakiki tarehe yenyewe

Hapa ndipo saa nyingi zilipokwenda. Orodha mbili zinazokubaliana si ushahidi, kwa sababu mara nyingi ya pili imenakili ya kwanza. Tafuta maandishi yaliyoandikwa karibu na tukio: Gazeti la Serikali kwa mambo ya sheria na uteuzi, na magazeti ya wakati huo kwa mambo mengine. Hayo yanapatikana katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam, katika nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, katika hifadhi ya nyaraka za taifa jijini Nairobi, na katika maktaba kubwa za vyuo vikuu. Ukisoma gazeti, kumbuka kwamba tarehe iliyo juu ya ukurasa ni ya kuchapishwa. Gazeti la asubuhi la tarehe 15 Oktoba 1999 linaeleza msiba wa tarehe 14, na anayenakili kwa haraka hunakili tarehe ya juu.

Ukishapata maandishi hayo, jiulize kwanza ni tendo lipi unalolihesabu. Tukio moja kubwa huwa na siku kadhaa. Hati za Muungano wa Tanganyika na Zanzibar zilitiwa saini tarehe 22 Aprili 1964, Muungano ukaanza kutumika tarehe 26 Aprili, na jina la Tanzania likaja tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo; tarehe zote tatu ni sahihi, mradi useme unazungumzia lipi. Azimio la Arusha nalo lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU katika kikao cha mwishoni mwa Januari 1967, lakini siku tunayoikumbuka ni 5 Februari, lilipotangazwa. Katika mfano wetu, Kamati Kuu ya chama cha Kikomunisti ilimwondoa Khrushchev tarehe 14, ilhali magazeti ya Moscow yaliwaeleza wananchi tarehe 16. Picha za Kuba zilipigwa tarehe 14, zikachambuliwa tarehe 15, na Rais Kennedy akaonyeshwa asubuhi ya tarehe 16, ambayo ndiyo siku wanahistoria wengi wanayoanzia kuhesabu mgogoro ule. Martin Luther King alitangazwa mshindi tarehe 14 Oktoba, lakini tuzo yenyewe alikabidhiwa Oslo tarehe 10 Desemba. Ukisema "alipokea tuzo" umekosea kwa karibu miezi miwili.

Jambo la pili ni saa. Dunia haiamki kwa pamoja, na tukio la usiku katika nchi moja ni la kesho katika nchi nyingine. Chombo cha Apollo 11 kilitua mwezini saa 5 na dakika 17 usiku wa tarehe 20 Julai 1969 kwa saa za Afrika Mashariki, lakini Neil Armstrong aliponyoosha mguu wake na kukanyaga udongo, Afrika Mashariki ilikuwa saa 11 na dakika 56 alfajiri ya tarehe 21, wakati Marekani bado walikuwa katika usiku wa tarehe 20. Mimi hufuata saa za mahali tukio lilipotokea. Kwa tukio la mwezini, ambako hakuna saa ya mahali, taja ni saa za wapi unazozitumia. Na unapobadilisha saa za Kizungu kuwa zetu, fanya hesabu kwenye karatasi. Nimeona saa 2 ya usiku wa manane ya maandishi ya Kiingereza ikihamishwa kama saa 2 usiku, na hapo si saa pekee iliyoharibika, kwa kuwa tukio lilirudishwa nyuma hadi siku iliyotangulia.

Jambo la tatu linahusiana na hilo, nalo ni letu zaidi. Katika Mwambao, kwa desturi ya Kiislamu, siku huanza jua linapozama. Mzee wa Lamu au Pemba akikusimulia jambo lililotokea "usiku wa Ijumaa", anakusudia usiku unaoutangulia mchana wa Ijumaa, yaani ule ambao mtu wa bara angeuita Alhamisi usiku. Ukikusanya masimulizi kwa mdomo, muulize msimulizi kama mchana wa Ijumaa ulikuwa umekwisha kupita au ulikuwa bado. Katika maandishi yako tumia "usiku wa kuamkia", kwa sababu hauachi shaka: Mapinduzi ya Zanzibar yalianza usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 12 Januari 1964.

Hati zenye tarehe za Hijria zinahitaji uangalifu uleule na zaidi. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo hauwezi kulinganishwa na mwaka wa miladi kwa kutoa namba moja isiyobadilika. Programu za kubadilisha tarehe hutumia hesabu, ilhali watu wa zamani walitegemea kuandama kwa mwezi mahali walipokuwa, kwa hiyo jibu la programu linaweza kuachana na ukweli kwa siku moja mbele au nyuma. Dawa yake ni siku ya juma. Waandishi wa zamani mara nyingi waliitaja, na ikiwa programu inakupa Jumatano wakati hati inasema Alhamisi, ifuate hati.

Jambo la mwisho katika hatua hii ndilo lililotushangaza zaidi, nalo linaigusa tarehe yetu moja kwa moja. Kwa karne nyingi Ulaya ilitumia kalenda ya Julius Kaizari, ambayo ilikuwa ikichelewa nyuma ya jua taratibu. Papa Gregory wa 13 alipoirekebisha, Italia, Hispania, Ureno na Poland zilitoka Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba 1582 na kuamkia Ijumaa ya tarehe 15. Siku kumi zilirukwa, na ya mwisho kati yake ilikuwa 14 Oktoba. Kwa hiyo ukikutana na tukio la Lisbon au Roma la "14 Oktoba 1582", liondoe mara moja, kwa sababu huko siku hiyo haikuwapo. Mtakatifu Teresa wa Ávila alifariki usiku uleule wa kuamkia mabadiliko hayo, na ndiyo sababu sikukuu yake ni tarehe 15 Oktoba ingawa usiku ulianza ukiwa wa tarehe 4.

Uingereza haikufuata hadi Septemba 1752, na Urusi hadi 1918. Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi yaliadhimishwa Novemba kwa sababu hiyo, tarehe 25 Oktoba 1917 kwao ikiwa ni 7 Novemba kwa wengine. Maana yake kwa historia ya Mwambao ni kubwa. Tarehe za safari ya Vasco da Gama kufika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498 ni za kalenda ya zamani, na ziko nyuma ya hesabu yetu ya leo kwa siku tisa. Kuanguka kwa Ngome ya Yesu mikononi mwa Waomani mwezi Desemba 1698, kwa hati za Kireno, ni kwa kalenda mpya, ilhali nahodha Mwingereza wa mwaka huohuo angeandika tarehe tofauti kwa siku kumi.

Je, tuzibadilishe tarehe hizo za zamani? Msimamo wangu ni hapana. Vita vya Hastings vilipiganwa tarehe 14 Oktoba kwa watu waliopigana. Kwa hesabu yetu ingekuwa tarehe 20, lakini hakuna kumbukumbu yoyote ya Kiingereza itakayokubaliana nawe. Acha tarehe ilivyoandikwa, kisha ongeza maneno "kwa kalenda ya zamani".

Hatua ya nne: Tenga sadfa na makusudi

Matukio mawili ya tarehe moja si lazima yawe yamekutana kwa bahati. Chama cha Afro-Shirazi kilizaliwa tarehe 5 Februari 1957, na TANU na ASP zilipoungana kuwa Chama Cha Mapinduzi, zilichagua tarehe 5 Februari 1977, ambayo pia ilikuwa miaka kumi kamili tangu Azimio la Arusha kutangazwa. Kenya nayo ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 na ikawa jamhuri tarehe ileile mwaka uliofuata. Hapo mwambie msikilizaji kwamba siku ilichaguliwa. Lakini kwamba Mobutu alizaliwa katika tarehe ambayo Nyerere angekuja kufariki ni sadfa tupu. Itaje bila kuitafutia maana.

Hatua ya tano: Punguza

Bakiza matatu. Usivute tukio la jirani kwa sababu tu ni kubwa: kuuawa kwa Mwanamfalme Louis Rwagasore wa Burundi mwaka 1961, na ushindi wa Naftali Temu katika mbio za mita 10,000 mjini Mexico City mwaka 1968, ambao uliipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, yote ni ya tarehe 13 Oktoba. Yawekee kadi ya siku hiyo.

Mlipuko wa Mogadishu, ambao uliua zaidi ya watu 500, tuliuondoa kwenye orodha ya kawaida na kuupangia dakika zake peke yake, jioni. Wafiwa wapo hai, baadhi yao wanasikiliza redio zetu, na si haki kusoma msiba wao kati ya habari za tuzo na za ndege.

Hatua ya sita: Andika

Sentensi ya kwanza ya kila tukio iwe na mahali, mtu na tendo. Haya ndiyo maandishi yaliyosomwa:

"Siku kama ya leo, tarehe 14 Oktoba 1930, mjini Lisala kando ya mto Kongo, alizaliwa Joseph-Désiré Mobutu, ambaye baadaye aliitawala nchi yake kuanzia mwaka 1965 hadi 1997. Tarehe hiyohiyo mwaka 1964, Martin Luther King, akiwa na umri wa miaka 35, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel. Na tarehe hiyohiyo mwaka 1999, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania, alifariki dunia katika Hospitali ya St Thomas' jijini London, akiwa na umri wa miaka 77. Rais Benjamin Mkapa alilitangazia taifa msiba huo siku hiyohiyo, na Mwalimu akazikwa kijijini kwake Butiama tarehe 23 Oktoba."

Usiandike "miaka kadhaa iliyopita" kwa kutaja idadi, kwa kuwa kadi itatumika tena mwakani na idadi hiyo itakuwa imekwisha kuharibika. Andika mwaka, na mtangazaji ahesabu mwenyewe asubuhi ya kusoma. Nyuma ya kila kadi andika ni gazeti lipi au hati ipi iliyothibitisha tarehe, na imehifadhiwa wapi, ili msikilizaji akipiga simu kupinga, yeyote aliye zamu aweze kumjibu.