Namna ya kuchagua sampuli ya kaya kijijini

Wanafunzi wa uzamili wakinitafuta, huanza na "nitumie fomula gani kupata ukubwa wa sampuli?" Fomula ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Juzi nimemsaidia mmoja anayetafiti bima ya afya katika kijiji kimoja, na hatua tulizofuata ni hizi.

1. Amua unahesabu nini. Hapa ni kaya, yaani watu wanaoishi na kula pamoja. Nyumba ya kupanga yenye vyumba sita inaweza kuwa na kaya sita.

2. Kokotoa ukubwa wa sampuli, yaani kaya ngapi utazihoji. Tulitumia fomula ya Yamane (1967): N gawanya kwa 1 + N(e²), ambapo N ni idadi ya kaya zote na e ni kiwango cha kosa unachokubali. Daftari la kijiji lilikuwa na kaya 1,240. Kwa kosa la 0.05 unapata 1,240 ÷ 4.1, yaani kaya 303. Ila kama unachagua kwanza vitongoji vichache ndipo uchague kaya ndani yake, fomula hii peke yake haitoshi, kwa kuwa majirani hufanana. Wengi huzidisha jibu kwa 1.5 au 2.

3. Safisha orodha. Hapa ndipo siku zinapoishia, na ndipo wengi wanapokimbilia kuruka.

Daftari la mtendaji ni mahali pa kuanzia tu. Humo wamo waliohama na waliofariki. Hawamo wapangaji, wala vijana waliooa mwaka huu na kujitenga na wazazi. Mume mwenye wake wawili huenda kaandikwa mara mbili kwa kaya ileile, au mara moja wakati kila mke ana jiko lake. Aliyeandikwa mara mbili ana nafasi maradufu ya kuchaguliwa. Asiyeandikwa hana nafasi kabisa, na hakuna hesabu itakayomrudisha.

Kwa hiyo kaa na mwenyekiti wa kila kitongoji, msome jina kwa jina. Kisha pitia orodha hiyohiyo na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, maana yeye hupiga hodi kwenye milango ambayo mwenyekiti hafiki. Mapema kabisa sema wazi kwamba hakuna msaada unaogawiwa: uvumi wa vyandarua ukianza, kaya huzaliana usiku. Uvumi wa michango nao huzipunguza.

Halafu jaribu orodha yako. Chukua kitongoji kimoja, ukihesabu kwa miguu mlango kwa mlango. Tofauti ikiwa kubwa, rudi ukaanze upya na vitongoji vyote. Inachosha, najua.

Sisi tulifika kaya 1,312. Rudia fomula: 307. Kaya 72 zimeongezeka, sampuli imepanda kwa nne tu! Wanaobishana kuhusu fomula huku daftari lina vumbi wanapoteza muda.

Acha orodha ikiwa imepangwa kwa vitongoji, usiipange kwa alfabeti. Hivyo kila kitongoji kitapata karibu fungu lake bila wewe kufanya chochote cha ziada.

4. Chagua kwa utaratibu. Vikaratasi vya bahati nasibu ni vya darasani; kwa kaya 1,312 napendelea kuruka kwa hatua sawa. 1,312 ÷ 307 = 4.27. Chagua kwa nasibu namba ya kuanzia kati ya 0 na 4.27, tuseme 2.90, kisha ongeza 4.27 kila mara na upandishe kila jibu hadi namba kamili inayofuata: kaya ya 3, 8, 12, 16. Usiifanye 4 kavu. Utamaliza 307 zako kabla ya kaya ya 1,229, na kaya 84 za mwisho, pengine kitongoji cha mbali kuliko vyote, hazitaguswa.

Ukitumia Excel kupata namba ya kuanzia, ibandike kama thamani papo hapo. Ukiiacha ndani ya RAND, fomula ya Excel ya kutoa namba nasibu, itabadilika kila ukigusa faili.

5. Usibadilishe kaya. Mlango ukifungwa, rudi jioni, rudi Jumapili. Ukichukua jirani aliyepo, utajaza dodoso kwa watu wanaoshinda nyumbani mchana.

6. Ukihitaji mtu mmoja ndani ya kaya, usimhoji aliyekukaribisha kiti. Tumia jedwali la Leslie Kish la 1949, linalokuonyesha umhoji mtu mzima yupi, na uandike idadi ya watu wazima waliomo, maana utaihitaji wakati wa kuyapa majibu uzito: aliye katika kaya ya watu wazima wengi ana nafasi ndogo ya kuchaguliwa.

Kwenye ripoti, chini ya "sampuli nasibu", taja orodha ilitoka wapi, kaya ngapi zilikataa na ngapi hazikupatikana.