Jinsi ya kujitwika ndoo kichwani bila kuumiza shingo

Karibu kila ninayemfundisha huanza kwa kukaza shingo. Ndoo inayumba, maji yanamwagika, na jioni kisogo kinawaka moto. Shingo inyooke tu na kutulia. Kazi waachie mgongo, nyonga na magoti.

1. Sokota ngata. Wengine huiita kata. Chukua kitambaa kikubwa cha pamba, kisokote kama kamba nene, kizungushe kwenye vidole vinne hadi kiwe duara, kisha chomeka ncha ili kisifumuke. Usiruke hatua hii hata siku moja. Fuvu ni mviringo, kitako cha ndoo ni bapa. Pasipo ngata vinagusana mahali padogo na uzito wote unakandamiza hapo. Kitambaa chenye utelezi hakifai.

2. Iweke utosini, si kwenye paji wala kisogoni. Kidevu kisiinuke.

3. Pima mzigo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inazidi kilo 20. Anza na lita 5. Mwaka 1986 jarida la *Nature* lilichapisha utafiti kuhusu wanawake wa Kiluo na Kikikuyu nchini Kenya: walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Kwa mwenye kilo 60, hizo ni kilo 12, tena hao walikuwa wazoefu.

4. Tuliza maji. Weka juu yake majani mapana safi au bakuli jepesi vielee. Mawimbi hupungua kabisa.

5. Jitwike. Ndoo nzito omba utwikwe, hakuna aibu. Ukiwa peke yako, piga goti moja, pandisha ndoo hadi kwenye paja, kisha kichwani. Inuka kwa nguvu za miguu, mgongo ukiwa wima.

6. Tembea. Hatua fupi, magoti yalegee kidogo. Tazama mbele na uisome njia kabla hujaifikia, maana ukiinamisha macho kichwa nacho kitafuata. Mkono mmoja ushike ndoo siku za mwanzo. Utauachilia mwenyewe, mwili ukishazoea. Ukiitwa, geuka mwili mzima. Ukiteleza, isukume ndoo iende zake. Maji yatachotwa tena.

7. Tua. Hapa ndipo nilipowahi kuumia: nilichoka, nikainama huku nimegeuza kichwa, na siku kadhaa sikuweza kutazama upande. Shika ndoo kwa mikono miwili, kunja magoti, ishushe hadi pajani, kisha chini. Akiwepo mtu, akutue. Na ukihisi ganzi mikononi ukiwa njiani, usisubiri ufike; tua hapo hapo.