Kusajili wachezaji katika College Football 25: njia ya chuo kidogo na njia ya kigogo

College Football 25, mchezo uliotolewa na EA Sports mwezi Julai 2024 baada ya pengo la miaka 11 tangu NCAA Football 14, una vyuo 134 vya daraja la juu la futiboli ya Kimarekani. Katika sehemu yake iitwayo Dynasty unaweza kuwa kocha mkuu kwa misimu isiyozidi 30, na mafanikio yako hutegemea zaidi usajili wa vijana wa shule za sekondari kuliko ufundi wako wa kubonyeza vitufe. Msomaji aliyezoea michezo ya soka aelewe mapema kwamba hapa hakuna ada ya uhamisho wala mazungumzo na mawakala. Sarafu ni saa, na kila wiki chuo hupewa idadi fulani ya saa kulingana na hadhi yake, kisha kocha huzigawa kwa vijana anaowataka. Kwa kuwa chuo kidogo hupewa saa chache, mbinu inayomfaa kigogo itakuangusha ukiwa chini, na ile ya chini itakupotezea fursa ukiwa juu. Mifano yangu mingi itatoka katika vyuo viwili vya jimbo moja: Rice kilichoko Houston, chuo kidogo chenye sifa kubwa ya kitaaluma, na Texas kilichoko Austin, ambacho ni kigogo kwa kila kipimo.

Hatua ya kwanza: soma alama za chuo chako

Kabla hujatazama jina la kijana yeyote, fungua ukurasa wa alama za chuo. Kuna mambo 14 yanayopimwa kwa herufi, miongoni mwao nafasi ya kucheza, sifa ya kitaaluma, maisha ya chuoni, hali ya uwanjani siku ya mechi, uwezekano wa kutwaa ubingwa, umaarufu wa jina la chuo na ukaribu na nyumbani. Kila kijana ana mambo matatu yanayomvutia, na ana sharti moja kuu ambalo chuo kisipolifikia hufungiwa mlango moja kwa moja. Texas itakuta alama za juu karibu kila mahali. Rice itakuta alama hafifu katika ubingwa na umaarufu, lakini itakuwa na silaha katika taaluma, katika ukaribu kwa vijana wa Houston, na katika nafasi ya kucheza. Hii ya mwisho hupimwa kwa kila nafasi ya uwanjani, na kikosi dhaifu huipandisha, kwa sababu kijana anaona wazi kwamba hakuna wa kumweka benchi.

Hatua ya pili: panga orodha ya vijana 35

Orodha yako hubeba vijana 35, si zaidi. Ukiwa na chuo kidogo, usianze kwa kuchuja kwa nyota, yaani kipimo cha ubora wa kijana, moja hadi tano. Chuja kwanza kwa jimbo na kwa ukanda ambao chuo au kocha wako ana mizizi, kisha angalia ni vijana gani tayari wamekiweka chuo chako katika orodha yao ya vyuo wanavyovipenda. Kijana wa nyota tatu ambaye Rice iko juu katika orodha yake ana thamani kubwa kwako kuliko wa nyota nne ambaye ameitaja Rice nyuma ya vigogo kama Georgia, Alabama na Ohio State.

Angalia pia sharti kuu kwa jicho la mbele, kwa sababu linaendelea kumhusu mchezaji hata baada ya kujiunga, na likikosekana baadaye anaweza kuomba kuondoka. Sharti la ukaribu na nyumbani ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana chuo hakihami. Sharti la nafasi ya kucheza linavutia siku ya kwanza, lakini unalivunja wewe mwenyewe kila unapomsajili mwingine bora wa nafasi ileile. Kwa chuo kidogo, sharti la umaarufu wa jina ni la kuogopwa: hata kama leo unalifikia kwa nywele, msimu mmoja mbaya unatosha kumpoteza.

Hatua ya tatu: gawa saa

Hapa ndipo njia zinapoachana hasa. Kijana mmoja kwa kawaida hupokea saa zisizozidi 50 kwa wiki. Kutoa ofa ya ufadhili wa masomo kunagharimu saa 5. Kumfuatilia mitandaoni ni saa 5, kumwandikia ujumbe ni saa 10, kuwasiliana na ndugu na marafiki zake ni saa 25, na kumwaga kila ulicho nacho ni saa 50.

Tuseme una saa 300 kwa wiki. Ukizitawanya kwa vijana wote 35, kila mmoja anapata saa zisizofika 9, na chuo chochote kinachomwaga 50 kitakupita kabla ya katikati ya msimu. Ukizielekeza kwa vijana sita, kila mmoja anapata 50, yaani kiasi kilekile ambacho kigogo angempa. Kwa vijana hao sita unapigana kwa nguvu sawa na mtu yeyote nchini, na hiyo ndiyo siri ya chuo kidogo. Waliobaki wape ofa tu na uwaache wakusubiri. Mmoja wa sita akikubali, au ukiona mstari unaoonyesha mvuto wa chuo pinzani kwa kijana umekuacha mbali, hamisha saa zake siku hiyohiyo bila huruma. Makocha wengi wa vyuo vidogo hupoteza msimu kwa kung'ang'ania kijana mmoja wa nyota nne aliyekwisha kuondoka moyoni.

Kwa Texas, saa ni nyingi kiasi kwamba unaweza kumwaga 50 kwa vijana kadhaa na bado ukabaki na za upelelezi. Zitumie huko. Upelelezi hufichua kama kijana ni lulu, yaani bora kuliko nyota zake, au ni galasa, na galasa wa nyota tano wapo. Chuo kidogo nacho kipeleleze, lakini kwa wale tu wanaoweza kupatikana. Lulu wa nyota mbili au tatu ndiye atakayekuvusha ngazi.

Hatua ya nne: badilisha maneno unapomfahamu kijana

Mawasiliano ya wiki za mwanzo hufichua polepole yale mambo matatu. Ukishayajua, acha kumwaga saa 50 kwa jumla na utumie ushawishi wa nguvu wa saa 40, ambao huchagua kifurushi cha mambo matatu ya kumhubiria. Kikigusa yote matatu na chuo chako kina alama nzuri humo, kitapita ile njia ya saa 50, na zile 10 zinazobaki unamwandikia ujumbe. Kikigusa moja tu, unatupa saa bure. Upo pia ushawishi wa saa 30 wa kubadilisha vipaumbele vya kijana. Kigogo anaweza kuujaribu, ila kwa chuo kidogo ni anasa.

Hatua ya tano: ziara

Ziara hufanyika wakati wa mechi za nyumbani, na wiki moja hupokea vijana wanne. Kotabeki, yaani mrushaji mkuu wa mpira, akialikwa pamoja na mpokeaji wa pasi, wanasaidiana. Kotabeki wawili wakikutana, wanaharibiana. Rice ichague mechi ambayo ina uhakika wa kushinda, hata kama mpinzani hana jina. Texas inaweza kuthubutu mechi nzito.

Hatua ya sita: kikosi cha 85 na soko la wanaohama

Kabla ya msimu kuanza kikosi lazima kishuke hadi wachezaji 85, kwa hiyo kigogo anayejaza kundi lake la wasajiliwa kwa kufuata nyota hujikuta akiwafukuza vijana aliowatumia saa nyingi. Hesabu kwanza wanaohitimu na wanaokwenda mapema NFL, ligi ya kulipwa,, kisha sajili kwa pengo. Kotabeki watatu wa nyota tano katika miaka miwili maana yake wawili watataka kuondoka.

Na wanapoondoka, Rice iwe mlangoni. Soko la wachezaji wanaohama chuo hufunguliwa msimu unapokwisha na hudumu wiki nne, na humo utawakuta walioketi benchi kwa vigogo wakitafuta kitu kimoja ambacho wewe unacho kwa wingi, yaani nafasi ya kucheza. Acha nafasi kadhaa za ufadhili wazi kwa ajili yao, anza na wale waliozaliwa ndani ya ukanda wako, na umwage saa 50 tangu wiki ya kwanza, kwa kuwa ukingoja ya tatu mara nyingi huwa umechelewa.