Usiiache misuli siku mbili: ninavyotembea kuikabili sukari ya ukoo

Bibi alikuwa na sukari, mama akaipata, na sasa dada yangu anachoma sindano za insulini. Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga. Miaka mingi nilijiambia kwamba zamu yangu iko njiani tu. Nimeacha kusema hivyo, na wewe uliye kama mimi nakusihi uache.

Jeni tulizorithi hatuwezi kuzibadilisha, lakini jeni huwashwa na kuzimwa. Mwaka 2014 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walieleza jinsi watu 23 walivyokanyaga baiskeli kwa mguu mmoja tu, dakika 45, mara nne kwa wiki, kwa miezi mitatu. Mtu yuleyule, chakula kilekile. Katika msuli wa mguu uliofanya kazi, alama za kemikali zinazoamua jeni ipi isomwe zilibadilika kwenye maelfu ya sehemu, zikiwemo za jeni zinazohusika na matumizi ya sukari.

Kwa hiyo anza leo, baada ya chakula cha usiku: ukishanawa mikono, tembea dakika kumi. Msuli unaojikunja huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini imedhoofika, kwa kuwa protini iitwayo GLUT4 hupanda hadi kwenye ukuta wa seli na kuipitisha. Ukishapumzika, jeni ya protini hiyo huendelea kuchapa kazi kwa saa kadhaa. Ila faida hiyo hupungua ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo usipitishe siku mbili mfululizo bila kutembea. Mimi nilikuwa nakimbia Jumapili mpaka magoti yanauma, halafu wiki nzima nimekaa. Kukanyaga cherehani sikuhesabu, maana hakunipandishi pumzi.

Ongeza polepole ufikie dakika 150 kwa wiki, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Mimi hufunga kibanda nikaelekea Raskazone. Mara mbili kwa wiki naketi na kuinuka kwenye kiti mara 12, bila kushika meza, mizunguko mitatu.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ndio ulionitia moyo: waliokuwa ukingoni mwa kisukari, wakafuata dakika hizo 150 na kulenga kupunguza asilimia 7 ya uzito, hatari yao ilishuka kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, dawa ya sukari, ilishuka kwa asilimia 31.

Anayetumia insulini aongee kwanza na daktari wake, na apime sukari kabla ya kutoka. Dada huwa na peremende mfukoni, sukari isije ikamshuka njiani. Tukirudi namkagua nyayo kwa tochi ya simu, hadi katikati ya vidole, kama kuna kidonda.