Somo: Kuchora mpaka wa nchi kwa kufuata mto au mlima

Ukiona mto kwenye ramani, usidhani mpaka umeshapatikana. Mto una upana, mpaka hauna.

Hatua ya 1: Sema mstari unapita wapi mtoni. Ni ukingo mmoja, katikati ya maji, au mkondo wenye kina kirefu? Mto unaopitisha meli kwa kawaida hupewa mkondo wa kina, ili kila upande upate njia. Ukiacha neno likining'inia, mtaishia mahakamani. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890 ulitaja tu "mkondo mkuu" wa mto Chobe, ulio leo mpakani mwa Namibia na Botswana, na mto wenyewe unagawanyika kuzunguka kisiwa cha Kasikili, ambacho Botswana hukiita Sedudu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ililinganisha kina, upana na wingi wa maji ya kila mkondo. Mwaka 1999 ikaamua kwamba wa kaskazini ndio mkuu, Namibia ikakikosa kisiwa.

Hatua ya 2: Mlimani, chagua kimoja. Vilele, au mahali maji yanapogawanyika? Mkataba wa Chile na Argentina wa 1881 ulivitaja vyote kwa pamoja, kana kwamba ni kitu kimoja. Kule Patagonia mito kadhaa huanzia mashariki ya vilele, ikapenya milima hadi Pasifiki. Argentina ikashika vilele, Chile ikashika maji. Mfalme Edward VII wa Uingereza akawaamulia mwaka 1902.

Hatua ya 3: Nendeni uwandani pamoja, nchi zote mbili. Simikeni nguzo, pimeni latitudo na longitudo, wote wawili mtie saini.

Maswali ya wanachama

*Mto ukihama, mpaka nao unahama?*
Ukisogea polepole, kwa kawaida ndiyo. Ukiruka ghafla kwa mafuriko, mpaka hubaki kwenye mkondo wa zamani. Ugomvi ni kujua ulihama vipi: Marekani na Meksiko zilivutana kuhusu Rio Grande pale El Paso hadi mkataba wa 1963, kisha mto ukajengewa mfereji wa zege.

*Na ziwa?*
Mara nyingi mstari hupita katikati. Ila Ziwa Nyasa bado lina mvutano: Malawi inashikilia kwamba mpaka ni ufukwe wa mashariki kwa mkataba uleule wa 1890, Tanzania inasema katikati.