Somo: Namna ya Kuchagua Jiliwa la Kushonea Ngozi kwa Mkono

Anayeshona ngozi kwa uzi mmoja na sindano mbili, kila sindano ikipita katika tundu lile lile kutoka upande wake, habaki na mkono wa kuishikia kazi. Mkono mmoja umebeba sindano pamoja na msharasi, yaani chuma chenye ncha kali cha kutobolea ngozi, wa pili unapokea upande wa pili, na ngozi yenyewe hukaa katika jiliwa, yaani kibanio chenye mataya mawili. Jiliwa likilegea, msharasi hupotea njia, tundu hutokea kando ya mstari, na mshono ulionyooka mbele huonekana umepinda nyuma. Hivyo ndivyo nilivyoharibu jozi nzima ya makubadhi nilipokuwa ninajifunza, kwa jiliwa nililolinunua kwa kuvutiwa na mng'ao wa vanishi yake.

Hatua ya kwanza: midomo ya mataya. Hapa nakuomba utumie muda mwingi kuliko pengine popote. Lifunge jiliwa likiwa tupu, uliinue kwenye mwanga, kisha ulitazame kutoka ubavuni. Midomo, yaani kingo za juu za mataya mawili, ndiyo inayopaswa kugusana kwanza, tena kwa upana wote, huku chini yake pakibaki uwazi mwembamba. Sababu yake ni hii: taya huzunguka kwenye bawaba iliyo chini, kwa hiyo kadiri kazi inavyokuwa nene ndivyo mataya yanavyojitanua kwa juu kuliko kwa chini. Jiliwa ambalo mataya yake yamelala sawasawa likiwa tupu litaishika ngozi nene kwa chini tu, na pale juu, karibu na mstari wa mshono, ngozi itachezacheza kila unapoichoma. Ule uwazi mdogo ndio unaofidia mtanuko huo.

Kisha weka vipande viwili vya karatasi kati ya midomo, kimoja kila pembe, kaza, na uvute kimoja baada ya kingine. Vyote viwili vikatae kutoka kwa nguvu ile ile. Rudia ukiwa umebana pia tabaka mbili za ngozi unayoishona kwa kawaida. Karatasi ya pembe moja ikichomoka kwa urahisi, taya limekaa mshazari, na muuzaji akikuambia kwamba litajinyoosha kwa matumizi usikubali, kwa sababu bawaba iliyofungwa kombo haijirekebishi.

Hatua ya pili: bawaba na mbao. Shika taya linalofunguka ulisukume kulia na kushoto, likitikisika, liache. Mbao iwe ngumu na iliyokauka vizuri, kama vile mvule, mninga au msaji, na nyuzi zake zipande kufuata urefu wa taya, kwa maana zikikatisha taya litapasuka siku moja ukikaza. Paina ni laini na midomo yake hubonyea upesi.

Hatua ya tatu: kikazio. Tazama bolti imepita wapi. Ikiwa juu sana, hubana kwa nguvu lakini kipande kipana hakishuki. Ikiwa chini sana, kipande kinashuka lakini midomo hukosa nguvu. Mshona mikanda hahitaji kina kikubwa, ilhali mshona mikoba anahitaji kama sentimita 12 kutoka mdomoni hadi kwenye bolti. Hakikisha pia kwamba ncha ya bolti na masikio ya nati hayajitokezi mahali uzi unapopita, kwa kuwa uzi hunasa hapo kila mara na kukuvunjia mwendo.

Hatua ya nne: ngozi inayofunika midomo ya mataya. Iwe laini, isiyotiwa rangi, na iliyobandikwa kwa gundi, si kwa misumari.

Hatua ya tano: kimo. Kaa kitini, libane jiliwa mapajani, ulilaze kidogo kuelekea kwako. Mstari wa mshono ukija mbele ya kifua bila wewe kuinama, na viwiko vikining'inia kwa raha, kimo kinakufaa.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Je, siwezi kutumia jiliwa la chuma la makanika ambalo tayari ninalo?

Marahaba, mwanangu. Unaweza kwa kujifunzia, mradi ufunike meno yake kwa vibao. Lakini limefungwa mezani na haliinami kukufuata, na kulifungua kila baada ya sentimita chache kunachosha.

Fundi, nimeona jiliwa la mbao mbili zilizopindwa, lisilo na bolti. Linabana kwa nguvu ya nini?

Hubana kwa mnyumbuko wa mbao zenyewe na kwa magoti ya anayeshona. Watengeneza matandiko ya farasi wa Uingereza wamelizoea sana. Hufunguka kwa kulegeza magoti tu na halina cha kunasa uzi, kwa hiyo kwa mikanda mirefu mimi nalipenda kuliko lile la bolti. Ila anayeanza huchoka mapaja.

Ngozi yangu hubaki na alama za mdomo. Nifanye nini?

Dada, ngozi iliyochakatwa kwa magome ya miwati hupokea alama kwa urahisi, hasa ikiwa na unyevu. Iache ikauke kwanza, weka kipande cha ngozi laini kila upande, na usikaze kupita kiasi. Ikiwa ni lazima ukaze sana ndipo kazi itulie, rudi kwenye lile jaribio la karatasi.

Nikimpa seremala alichonge, nimwagize nini?

Mwagize afunge bawaba kwanza, kisha midomo aimalizie mwisho. Apake chaki mdomo mmoja, afunge jiliwa, alifungue, na apunguze kwa msasa pale tu chaki ilipohamia. Arudie mpaka chaki iache mstari mmoja usiokatika kutoka pembe hadi pembe, ndipo abandike ngozi.